Nguo za Birongo

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi Damaris Nyanchoka alisafisha mashine ya kufulia. Jumapili ndiyo ilifaa, kwa sababu Jumamosi ilikuwa Sabato na hakuna aliyefua kitu katika nyumba ile, na nguo za wiki zilikuwa zimemalizwa Ijumaa kabla ya jua kutua. Alichomoa waya ukutani, akatandika taulo kuukuu sakafuni, akaweka sinia chini ya kijimlango cha pembeni, kisha akalegeza kifuniko cha chujio kidogo kidogo. Maji yalitoka ya kijivu. Yalipokwisha alivuta chujio lenyewe, akaanza kulisafisha kwa mswaki wa zamani.

Mashine ilikuwa na miezi mitatu. Bosi wake, Madam Emily, mwalimu wa sekondari, aliinunua mtoto wake Duke alipozaliwa. Damaris alikuwa amekuja kufanya kazi nyumbani kwa Madam, Nyanchwa, juu ya mji wa Kisii, wiki hiyo hiyo, akamwacha bintiye Mokeira wa miaka minne kwa mama yake huko Birongo.

Jumapili hiyo chujio lilikuwa na nyuzi, nywele na pini moja ya nepi. Akapangusa mpira wa mlango kwa kitambaa chenye siki, akiingiza kidole kwenye mkunjo ambako ukungu huanza. Ndani ya mkunjo alipata soksi ndogo ambayo haikuwa ya Duke. Akafungua mlango wote. Ndani ya pipa mlikuwa na sweta ya nasari, rangi ya damu ya mzee, imelowa, kiwiko chake kimeshonwa kwa uzi mweupe. Uzi huo aliushona yeye mwenyewe usiku wa kuamkia safari yake ya kuja kazini.

Aliifua pamoja na soksi, akaianika nyuma ya nepi za Duke, ikakauka, akaipiga pasi. Hakujua pa kuiweka, hivyo akairudisha ndani ya pipa na kufunga mlango. Aliporudi kutoka jikoni kuepua chai, pipa lilikuwa tupu.

Akampigia mama yake simu.

"Sweta ya Mokeira iko wapi?"

"Ilikuwa imepotea kwa kamba tangu Alhamisi," alisema Bathsheba. "Saa hii nimeipata kwa kitanda, imepigwa pasi. Ni wewe?"

"Ni mashine ya huku."

"Basi uiambie ipunguze sabuni. Mtoto anajikuna shingo."

Damaris alipunguza sabuni.

Tangu wakati huo nguo za Mokeira zilifika kila Ijumaa. Damaris alizifua mwisho, baada ya za wenye nyumba, na kuzirudisha zikiwa kavu. Alijaribu mara moja kutia barua kwenye mfuko wa gauni. Ijumaa iliyofuata aliikuta kwenye chujio, imekuwa uji. Mashine ilipitisha vitu vya kufuliwa tu. Hivyo akajifunza kusema kwa nguo. Alishusha pindo la sketi kabla haijawa fupi, akahamisha vifungo, akaweka viraka upande wa ndani ili wenzake Mokeira wasivione.

Kutoka Nyanchwa hadi Birongo si safari ya saa nzima. Walipopatana, Madam Emily alikubali kwamba Damaris angekwenda nyumbani Jumapili moja kila mwezi. Mwezi wa kwanza Duke alikuwa na homa. Wa pili Madam alikuwa akisahihisha mitihani. Baadaye Madam akarudi chuoni kusomea digrii ya pili, kisha mama mkwe wake akaja kutibiwa akakaa mwaka na nusu, kisha ikaingia korona na Madam akasema hakuna mtu kutoka wala kuingia. Hakuwahi kupaza sauti. Alikuwa mtu wa kanisa, na mezani alimwombea Damaris kwa jina.

"Mwezi ujao, Damaris. Wewe si mgeni hapa, wewe ni mtu wa nyumba hii."

Desemba moja alipewa siku mbili. Alipofika Birongo, Mokeira alimletea kiti cha wageni, akakipangusa kwa mkono, akamsalimu kwa kuinamisha kichwa kama anavyosalimiwa mke wa mchungaji. Damaris alijua kiuno chake kwa inchi, alijua bega lipi lilibeba mkoba, lakini hakujua jambo gani lilimchekesha. Walikula. Alimwuliza kama sweta mpya inamtosha, na Mokeira akajibu, "Inatosha, asante." Siku ya pili mvua ilinyesha tangu asubuhi, wakakaa wakisikiliza mabati mpaka wakati wa kurudi ukafika.

Mengine aliyajua Ijumaa. Tope jekundu magotini lilimwambia kwamba mtoto alichuma chai kabla ya shule. Utomvu wa ndizi begani, ambao hautoki kwa sabuni yoyote, ulimwambia kwamba siku za soko alibeba mikungu. Wino wa mfuko wa kushoto ulimwambia kwamba ana kalamu inayovuja, na siku moja wino ukakoma, asijue kama kalamu imenunuliwa nyingine au mtoto ameacha kuandika. Mokeira alipokuwa na miaka kumi na mitatu ilikuja sketi yenye damu nyuma. Damaris aliiloweka kwa maji baridi na chumvi, akaisugua kwa vidole mpaka ikatakata. Kisha akakata taulo laini, akashona pedi sita za kufuliwa, akaziweka juu ya sketi ndani ya pipa na kufunga mlango. Alikaa chini, mgongo ukiwa umeegemea mashine, mpaka alipoitwa kuweka meza.

Kwa sababu hiyo aliitunza mashine kuliko kitu chochote cha nyumba ile. Wakati wa mvua maji ya mji yalikuja na udongo, akawa anafungua mpira wa maji nyuma na kuosha chujio dogo lililo kwenye maungio. Aliosha droo ya sabuni kila wiki. Mara moja kwa mwezi aliizungusha tupu kwa maji ya moto na siki. Hakuijaza kupita kiasi, na alipomaliza aliacha mlango wazi ili ndani pakauke. Ilipoanza kutembea sakafuni wakati wa kukamua, aliinua miguu yake kwa spana mpaka maji ya bilauri iliyowekwa juu yake yakatulia.

Mwaka wa kumi iliacha kuzunguka. Fundi Machogu alikuja kutoka mjini, akailaza ubavu, akabadilisha mkanda na makaa ya mota yaliyokuwa yamelika. Alipokuwa akiijaribu alichungulia ndani, akatoa sketi ya kijani ya sekondari.

"Hii si ya hapa."

"Ni ya msichana wangu, Mokeira. Yuko Birongo."

Machogu aliikamua, akamkabidhi. "Ndiyo maana mota imechoka, Mama Mokeira. Ikivuta kutoka mbali hivyo, usijaze zaidi ya nusu. Kuna mama mmoja kule Sironga, yake huvuta nguo za bwanake kutoka Qatar. Nimemwekea mota mara tatu."

"Na huyo bwana, anarudi?"

"Mashati tu," alisema Machogu, akakusanya spana zake.

Damaris alianza kufua kwa mafungu madogo. Kazi ya siku moja ikawa ya siku mbili, na hilo ndilo Madam Emily aliloliona. Ijumaa moja, miaka mitatu baadaye, alirudi mapema, akasimama mlangoni mwa chumba cha kufulia akiwa bado na mkoba begani. Damaris alikuwa ameinua blauzi ya shule kwenye mwanga, akitafuta madoa.

"Hiyo ni ya nani?"

Damaris alimweleza. Alieleza yote, kuanzia soksi, na hakuficha kuhusu umeme. Mwishoni akasema, "Madam, mwaka huu anamaliza Fomu Foo. Naomba niende nimwone, hata kama ni Jumapili moja."

Madam Emily aliketi juu ya kapu la nguo. Macho yake yalilowa, kwa maana hakuwa mtu mbaya, akaishika ile blauzi na kulainisha kola yake.

"Kumbe miaka hii yote unamwona kila wiki," alisema. "Nami nilikuwa nikilala na hatia, nikisema, huyu mama hajaona mtoto wake. Ungeniambia mapema, Damaris. Fua zake kwanza, kabla ya zetu. Mimi sina shida."

"Na Jumapili?"

"Sasa si umeona hakuna haraka? Mungu amekufungulia njia hapa hapa nyumbani." Aliinuka akampiga bega kwa upole. "Lakini tutaangalia. Mwezi ujao."

Jioni hiyo wakati wa maombi, Madam aliishukuru mbingu kwa ajili ya mashine.

Tangu hapo nguo za Mokeira zilifuliwa kwanza. Damaris hakuacha kuomba ruhusa, ila kila alipoomba aliulizwa kwa upole ni nguo gani zilizokuja wiki hiyo.

Mitihani ilikwisha. Novemba sketi ya kijani ilifika mara ya mwisho, imeandikwa majina ya wenzake kwa kalamu za rangi, nyuma na mbele. Damaris alisoma majina yote. Aliifua kwa maji baridi, taratibu, ili yasifutike, na machache yakabaki. Halafu zikapita Ijumaa tatu bila kitu. Alisafisha chujio kila siku. Akafungua pampu, akaikuta haina neno. Akapiga simu.

"Hakuwa na nguo za kufua?" aliuliza.

"Hayuko hapa," alisema Bathsheba. "Amepata kazi Nyamache. Ni kwa daktari na bibi yake, wana mapacha wachanga. Watu wazuri, wa kanisa. Walikuja kumchukua na gari."

Damaris alikuwa amesimama karibu na mashine. Aliweka kiganja juu yake.

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Alisema atakuambia mwenyewe akija. Wamesema atakuwa anakuja nyumbani Jumapili moja kwa mwezi."

"Ameshakuja?"

"Mapacha walikuwa na homa," alisema Bathsheba. "Atakuja mwezi ujao."

Huko Birongo jogoo aliwika, ingawa ilikuwa mchana. Damaris aliuliza kama huyo daktari ana mashine. Bathsheba alisema anayo, kubwa, na kwamba Mokeira alikuwa amepiga simu siku ya kwanza tu kuuliza mashine ya mama yake hutiwa sabuni kiasi gani.

Siku hiyo alimwomba Madam Emily ruhusa ya kwenda Nyamache. Madam alisema Nyamache ni mbali kuliko Birongo, na Januari Duke angekuwa anarudi shule ya bweni, kulikuwa na sare za kuandaa. Akauliza kwa huruma ya kweli kama nguo bado zinakuja. Damaris alisema haziji.

"Zitakuja," alisema Madam. "Ipe muda."

Alhamisi ya wiki iliyofuata Damaris alianika aproni yake ya kazini, ile ya buluu ambayo kifungo chake cha shingo kilikuwa kimekatika tangu Pasaka. Alipokwenda kuianua ilikuwa haipo. Vibanio vyake viwili vilikuwa bado vimebana kamba. Aliangalia chini ya ukuta, akaangalia upande wa jirani, akaenda kupika akiwa na leso kiunoni.

Ijumaa asubuhi aliikuta juu ya kitanda chake. Ilikuwa na harufu ya sabuni asiyoijua. Doa la manjano la mbele, alilokuwa amelikatia tamaa, lilikuwa limetoka. Kifungo kilikuwa kimerudishwa, kimeshonwa kwa uzi wa kijani, na mshono wake ulikuwa wa mtu ambaye hakufundishwa na yeyote, ila ameangalia viraka vya mwenzake kwa miaka mingi upande wa ndani.

Damaris aliivaa. Ilikuwa imepigwa pasi mbele peke yake, na kwapani ilikuwa bado na unyevu, kama nguo iliyoachwa na mtu aliyeitwa kabla hajamaliza.

"Damaris!" Madam Emily aliita kutoka sebuleni.

"Naam, Madam," alijibu, akaenda.