Pindo la Vidole Viwili

Fundi Turubai hakuwa na gari, hakuwa na meno mawili ya mbele, na subira hakujaliwa hata chembe. Sasa, mwezi mmoja kabla ya chama cha watembezi kwenda kupiga kambi mlimani, hakuwa na umeme wa kubeba mgongoni, na hilo ndilo lililomkosesha raha.

Sindano zake za kisukari zilitaka baridi. Kijisanduku cha kuzihifadhi alikuwa nacho, lakini betri yake ilitosha usiku tu. Mchana ilitaka kuchajiwa, na mlimani hakuna pa kuchomeka waya. Mwenyekiti wa chama, muuguzi mstaafu, alikuwa dada wa mkewe. Hakumung'unya maneno.

"Shemeji, kijaribu nyumbani kwa jua tupu, kutwa nzima. Kisipopoa, huendi. Sitaki kukubeba kwa machela."

Dukani muuzaji, binti mchangamfu, alimwekea paneli tatu za umeme wa jua mezani: ngumu ya wati hamsini, ya kukunja ya wati sitini, na ndogo ya ishirini. Fundi akazigeuza zote akakagua mishono.

"Baba, unanunua umeme au suruali?"

"Nyamaza, mwanangu. Mshono hausemi uongo."

Akachukua ile ya kukunja, kwa kuwa ilikuwa nyepesi na kwa kuwa uzi wake ulikuwa maradufu. Dosari aliiona moja tu: kingo hazikuwa na pindo. Alikuwa ameshona mahema miaka arobaini. Kwake ukingo mtupu ni sawa na mtu kutoka nje bila kufunga zipu. Alipofika nyumbani hata maji hakunywa. Alikata turubai, akaizungushia paneli pindo la vidole viwili, likanyooka kama rula.

Kesho yake aliitandaza uani. Akakaa, akasimama, akaifuta vumbi, akaigeuza, akafunua kisanduku, akafunika, akafunua tena.

"Unazunguka kama kuku anayetaka kutaga," mkewe alisema kutoka dirishani. "Hiyo baridi si unaitoa mwenyewe?"

Saa saba mchana kipimo kilisoma nyuzi kumi na tano. Dawa ilitaka zisizidi nane. Fundi aliikunja paneli, akaitia kwapani, akaenda dukani mbio mbio huku akipanga matusi njiani.

Muuzaji aliianika nje, akachomeka mita. "Wati tisa." Akainama. "Baba, pindo hili limetoka kiwandani?"

"Kiwanda gani kinaweza kushona hivi?"

"Basi ndilo linalokuua. Limefunika safu nzima ya seli zinazonasa jua. Hizi zimeungana kama watu wanaopokezana ndoo. Mmoja akilala, ndoo haisogei. Ngoja nilete mkasi."

"Mkasi usiguse kazi yangu!"

Akaketi kwenye ngazi ya duka, akatoa wembe wake, akafumua mshono mmoja baada ya mwingine. Wapita njia walimtazama. Masikio yalimwaka moto. Alipomaliza, mita ilisoma wati arobaini na nane, naye hakujua acheke au ajifiche.

Siku iliyofuata jua lilikuwa kali, na hadi saa kumi na moja jioni kipimo hakikuvuka nyuzi sita. Mkewe akampa simu.

"Mwambie dada, yaishe."

"Kwenye simu atanikatiza kabla sijamaliza," alisema, akatafuta karatasi.

Aliandika: *Shemeji, kisanduku kimekaa nyuzi sita kutwa nzima.* Akasimama, akazunguka meza. Angeweza kukomea hapo, na jina lake lingeingia kwenye orodha. Akaketi. *Siku ya kwanza kilishindwa. Kosa ni langu, nilishona pindo juu ya seli.* Akasimama tena, akaenda mlangoni, akarudi. Mlimani mawingu hushuka bila hodi, na yeye alikuwa amejaribu jua tu. *Siku ya mawingu sijaijaribu. Uamuzi ni wako.*

Mkewe alisoma juu ya bega lake. "Huo mstari wa mwisho utakubakiza nyumbani."

"Huenda."

Akakunja karatasi mara tatu, akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa dole gumba mpaka ikashika. Hakungoja hata viatu vikae sawa. Alitembea hadi posta, akaisukuma bahasha kwenye tundu la sanduku, akaisikia ikianguka.