Ndoo za Uvunguni

Usiku wa kuamkia leo niliota niko mbele ya Kidato cha Tatu, nimevaa kanga na tai, na hakuna anayeshangaa.

Kishikwambi changu kiko mezani. Jana jioni mimi na wasichana tuliingiza humo habari za tangi la shule: maji yaliyobaki, idadi yetu, matumizi ya kila siku. Mstari ukajichora ukiteremka, ukagusa chini, yaani maji kwisha, wiki nzima kabla ya mtihani. Mkuu wetu, Madamu Chilongani, akautazama akasema, "Basi. Kesho nafunga mabweni, kila mtu kwao."

Sasa mstari wenyewe unashuka ubaoni, unakaa sakafuni.

"Inuka," nauambia.

"Siwezi, Mwalimu. Nimechoka, na hesabu ni zako."

Nawageukia wanafunzi. Mama yangu! Wote wana sura ya Sechelela, yule mchokozi wa dawati la nyuma. Hata Madamu, aliyesimama mlangoni na makufuli, ana sura ya Sechelela.

"Si jana kwenye hesabu ulisema tuchukulie kila mwanafunzi ni sawa na mwenzake?" wananijibu kwa pamoja. "Tumechukulia."

Nakubali, nilisema. Siwezi kuikana kanuni yangu mbele ya darasa.

Mara darasa ni bweni. Uvunguni mwa kitanda kuna mtu anakohoa. Ndoo ya bluu inajivuta nje, imejaa hadi mdomoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi ndiye uliyenisahau. Uliandika kwamba maji yakitoka tangini yameshatumika. Nani kakwambia? Wasichana wanatujaza jioni, wanatuficha huku wapate kuoga alfajiri. Kengele ikiwawahi hawaogi. Jioni wanatumwaga, wanajaza mapya. Eti maji yaliyolala hayafai!"

"Hayafai!" zinaitikia ndoo za vitanda vyote, kwa uchungu. Nikawa sijui nicheke au nilie.

"Hebu tusimwagwe," inasema ndoo, "uone."

Naburuta kidole kwenye kishikwambi. Maji ya kumwagwa: sifuri. Mstari unainuka, unajikung'uta vumbi, unatembea taratibu hadi siku ya mtihani, unaipita, unatupungia mkono. Akina Sechelela wanapiga vigelegele. Makufuli yanamponyoka Madamu. Furaha niliyokuwa nayo, acha tu.

"Twende kwako," ndoo inaninong'oneza. "Huyu mama haamini maneno matupu."

Nikaamka. Jua limeshatoka, na Madamu Chilongani anagonga mlango: niende nikawatangazie wasichana wafungashe. Nikashusha miguu kitandani, kidole gumba kikagonga kitu cha baridi uvunguni.

Ndoo ya bluu. Imejaa. Ubavuni, kwa rangi ya kucha: SECHELELA, KIDATO CHA III.

"Karibu ndani, Madamu," nikaita. "Ila angalia usiyamwage."