Gauni la Polka Doti

Mume wangu Angwenyi alirudi kutoka vita vya Burma mwaka wa arobaini na sita, mguu mmoja umekatwa gotini na maneno yamemwisha. Ukimsalimu anaitika, ukimpakulia anakula, basi. Kutwa yuko migombani anatazama mbele. Nami Loice, ambaye mdomo wangu haujui kupumzika, nikabaki kuongea peke yangu kama kichaa.

Siku moja akaenda Kisii mjini, dukani kwa Warsame, yule Msomali muuza vitambaa, akarudi na kitambaa cha buluu chenye vidoa vyeupe vya mviringo. Akanikunjulia mapajani. Akasema nishone gauni la harusi, maana tulioana kwa ng'ombe tu, kanisani bado. Kisha, jamani, akaanza kuongea! Akaniambia Waingereza hukiita polka doti. Doti ni hivyo vidoa. Polka ni dansi ya Ulaya, mwanamume anamshika mwanamke kiunoni wanarukaruka. Zamani dansi hiyo iliwapagawisha watu, hata wafanyabiashara wakapachika jina lake kwenye kofia, vitambaa, chochote, mradi kiuzike. Vidoa vyenyewe havihusiani na kucheza. Hayo alielezwa na nesi wa hospitali ya jeshi kule India, aliyekuwa na gauni kama hilo. Nilitaka kuuliza nesi huyo alikuwa na mazoea gani na mume wa watu, lakini nikaumeza wivu wangu. Mtu anaongea, ningemkatizaje?

Kwa furaha nikaisimulia habari yote kisimani. Kufika Sabato, kanisa zima linajua Loice anashona gauni la dansi. Kwetu Waadventista dansi unaiacha siku unapobatizwa, pamoja na pombe na tumbaku. Makori, mzee wa kanisa, akaja nyumbani akasema kwa upole nitafute gauni jingine, la sivyo harusi hakuna. Angwenyi akasikia. Akarudi migombani, na kimya chake kikamrudia.

Hapo nikakasirika kwelikweli. Harusi ya kanisani niliitamani tangu usichana, lakini mtu wangu nilimtamani zaidi, na kilichonirudishia ni kile kitambaa. Makori nikamwacha aamini nimekubali, lakini siku ya harusi nikalivaa gauni lilelile.

Makori alitungoja mlangoni, mikono nyuma. Akasema nguo ya dansi haiingii nyumbani mwa Bwana. Nikamjibu kabla sijafikiri.

"Mzee Makori, nicheze na nani? Mguu wa kuchezea wa huyu umezikwa Burma."

Hakuna aliyewahi kuutaja mguu huo mbele ya Angwenyi, hata mama yake mzazi. Nikatamani ardhi inimeze. Angwenyi akanitazama, mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka hadi gongo lake la kutembelea likamponyoka, ikabidi anishike bega.

"Mzee, tufungishe ndoa," akasema huku akijifuta machozi. "Mdomo huu ukinikosa mimi, nani mwingine atauweza?"

Makori akainama kuokota gongo, akakawia huko chini, nadhani alikuwa anaficha kicheko. Akampa, akatupisha.

Mchungaji akaanza kusoma, naye Angwenyi bado ananinong'oneza. Nikamwacha aongee.