Kongowea Imebaki Soko

Zuena hakuwa mama wa maneno ya pembeni. Bintiye alipoingia dukani kwake mjini Kayanga na kusema atabatizwa Jumamosi ili afunge ndoa na Elipidius wa kijiji cha Ndama, yeye aliendelea kukunja vitenge.

"Utaitwa nani?"

"Mackrine."

"Na Nasreen anakwenda wapi? Hilo ni jina la marehemu mama yangu, si gauni ulivue."

"Mama, ni jina tu."

"Haya, kamwambie babu yako."

Mzee Abdulghani, baba yake Zuena, alikuwa barazani akinywa kahawa. Alihamia huku kutoka Mombasa ujanani pamoja na mkewe, akinunua buni. Mke akazikwa hukuhuku. Kwao hakurudi tena. Lakini utoto wote wa Nasreen alimsimulia mji huo, hivyo msichana alijua pa kumshika.

"Shikamoo babu. Si ulinifundisha mwenyewe? Mji wenu ulikuwa Kongowea, ukaitwa Mvita, sasa Mombasa. Kwani umekufa?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Marahaba, wakili. Haujafa, watu wanakula mahamri yao. Wala hatukukabwa koo tuache kusema Kongowea. Kila aliyekuja alisema lake, nasi tukamwitikia kwa adabu. Ukiitikia sana, mjukuu wangu, jina la kwanza linakosa pa kukaa. Leo Kongowea iko ng'ambo, ni soko. Watu wanaulizana bei ya nyanya."

"Kwa hiyo unanikataza?"

"Mimi? Mji mzima umenishinda, nitakuweza wewe?" Akamwekea mkono kichwani. "Nenda. Ila mimi nikikuita, itika."

Nasreen akabatizwa, akaolewa, na kila alipokuja kusalimia babu akamwita kwa jina lake la zamani, naye akaitika. Kisha mtoto akazaliwa, kazi za shamba zikamzidi, safari za Kayanga zikapungua.

Mzee alifariki alfajiri moja ya masika. Maziko yalipangwa baada ya adhuhuri, na simu ya Nasreen haikupatikana. Zuena akajifunga ushungi, akapanda bodaboda hadi Ndama. Kwa Elipidius mlango ulikuwa umefungwa. Akaingia katikati ya migomba.

"Nasreen! Nasreen!"

Mwanamke aliyekuwa akipalilia kibanja cha jirani akainua kichwa. "Unamtafuta nani, mama?"

"Nasreen. Mke wa Elipidius."

"Mke wa Elipidius ni Mackrine. Huyo mwingine hatumjui."

Zuena akatazama jua. Maiti haisubiri. Akaliita jina ambalo hakuwahi kulitia mdomoni.

"Mackrine!"

"Abee!"

Alikuwa karibu tu, nyuma ya mibuni. Akatokea na mtoto mgongoni, akitabasamu kwa mshangao.

"Mama! Kumbe ni wewe? Nilisikia mtu anaita Nasreen. Sikudhani ni mimi."

Zuena, ambaye tangu alfajiri hakuwa amelia, akashika mgomba uliokuwa karibu.

"Babu yako ametutoka," akasema. "Twende ukamwone uso kabla hawajamtoa."