Moshi wa Bibi Harusi

Zuhurah alikohoa, na shangazi zake wakacheka. Alikuwa ameketi juu ya kishimo cha makaa, blanketi limemfunika hadi shingoni, moshi wa kuni za mgunga ukimpanda mwilini. Kwetu Wanubi wa Koboko, bibi harusi huwekwa ndani na kufukizwa hivyo mpaka ngozi ing'ae na kunukia. Wengi hukohoa.

"Moshi imekubali," alisema Sharifah, dada wa marehemu mume wangu.

Mimi sikucheka. Miaka miwili nyuma nilikuwa nikisimama mbele ya binti yangu huyu kila asubuhi, nikimtazama akimeza dawa za kifua kikuu, kisha afungue mdomo nihakikishe. Alipona. Sikio langu halikustaafu.

Kulipokucha nilimvika buibui nikamtoa nje. Sharifah alisimama mlangoni.

"Bibi harusi hatoki. Wewe na hiyo diploma yako ya uuguzi. Mutoto iko na moshi kwa kifua, basi."

"Basi mashine itasema ni moshi. Nipishe."

Hospitalini Arua, Zuhurah alitoa makohozi kwenye kikopo. Anguyo wa maabara aliniambia mashine inatafuta DNA ya mdudu. Ikiipata hata chembe, inainakili, moja iwe mbili, mbili ziwe nne, hadi ionekane. Nilikaa kwenye benchi. Adhuhuri alitoka, akaketi kando yangu badala ya kusimama. Hapo nikajua.

"Mama, iko, lakini kidogo sana. Anaweza kuwa mdudu hai. Anaweza kuwa mzoga wa wale tuliowaua zamani. Hai au maiti, kwa mashine ni sawa."

"Sasa nani anajua?"

"Tutapeleka makohozi mengine yaoteshwe. Mdudu hai ataota. Itachukua wiki kadhaa." Akasita. "Huko anakoolewa kuna mtoto mchanga?"

Walikuwapo wawili. Dada yake Shafiki, bwana harusi, alikuwa amejifungua mapacha, na nyumba yao ni vyumba viwili. Harusi ilikuwa Ijumaa.

Zuhurah alingoja tutoke getini. "Mama, tunyamaze tu. Nitavaa barakoa. Nitasema ni mafua."

"Utavaa barakoa kitandani?"

Aliteremsha mtandio usoni. "Unataka aibu iniue kabla ya ugonjwa," alisema.

Jioni nilikwenda kwa Asiya, mama yake Shafiki, nikamwambia yote bila kuzunguka. Alinimiminia chai. Alinishukuru kwa ajili ya wajukuu wake, na machozi yalimtoka kweli.

"Tutangoja," alisema.

Nilimwamini. Nadhani hata yeye aliyaamini maneno yake. Lakini nilipoinuka niliona kikombe changu kimetengwa, peke yake, mbali na vingine kwenye sinia.

Makaa tuliyazima siku hiyohiyo. Kikohozi kilipungua, kikaisha, na nani angethubutu kukifurahia? Habari ilikuwa imeshaenea vijijini, hadi Lobule. Kabla majibu hayajarudi, Shafiki alioa msichana wa Vurra. Asiya hakuja kutuambia. Tulisikia sokoni, kwa mwuza nyanya.

Anguyo alipopiga simu, Zuhurah alikuwa akichambua maharage. Nilisubiri amalize ungo, kisha nikamwambia.

"Hakuna kilichoota."

"Kwa hiyo nilikuwa mzima."

"Ulikuwa mzima."

"Na ungefanya vilevile?"

Nilifikiria wale mapacha. "Ningefanya vilevile."

Alipuliza maganda kwenye ungo. Hakulia, wala hakunitazama.

"Zile kuni za mgunga ziko wapi?"

Nilimwonyesha nyuma ya mlango, bado zimefungwa kwa kitambaa chekundu cha Sharifah. Alizifungua, akazipanga zote kati ya mafiga, akateleka maharage. Jiko likajaa moshi, na ile harufu ya ngozi ya bibi harusi ikatanda mpaka uani. Nilisimama mlangoni, sikio nimelitega.

Hakukohoa.