Mabeseni Mawili

Nyumbani kwetu tulikuwa na mabeseni mawili. La bluu, lenye ufa mdomoni, lilikuwa la Kifaranga, binti yangu wa mwaka mmoja na miezi miwili. La kijani lilikuwa la miguu ya mama mkwe. Nililinunua siku niliyojiandikisha darasa la jioni la kutunza miguu kwa tiba za asili: kuloweka, kusugua, kupaka mafuta, kukanda.

Mama, kama ninavyomwita mkwe wangu, alipiga pasi kwenye duka la dobi kwa miaka ishirini na sita, kasimama wima kutwa juu ya sakafu ya saruji. Alipoacha kazi akaja kukaa nasi, akaja na visigino vyenye magaga ya kunasa nyuzi za shuka, na mazoea ya kuvaa soksi hata kukiwa na joto la kumtoa mtu jasho. Hakupenda miguu yake ionekane. Mimi ndiye niliyemvua soksi, na ilinichukua mwezi mzima wa kumbembeleza.

"Haya, daktari wa jioni," alisema siku hiyo, akininyooshea mguu wa kwanza. "Ukizimia kwa harufu, mtoto nitamlea mimi."

Mume wangu, ambaye ni mwanawe wa pekee, hakulipenda lile darasa. Aliliita shule ya kunusa miguu. Alisema jioni zangu ni za mtoto, na kukanda mguu hakuhitaji daftari. Lakini akirudi kutoka kiwanda cha mikate alimkuta mama yake ameegemeza kichwa ukutani, miguu ndani ya beseni, uso umelainika, akavua viatu akapita. Ikawa kama tumekubaliana bila kuzungumza: niendelee, ila siku kitu kikiharibika ndiyo basi.

Somo la kwanza la darasa lile sikulihudhuria. Kifaranga alikuwa na homa. Wiki iliyofuata niliazima daftari la mwenzangu mmoja, msusi anayekaa mbele, nikanakili kurasa za kuloweka: chumvi kiganja kimoja, majani ya mchaichai, tangawizi iliyopondwa, maji ya moto kadiri mtu anavyoweza kustahimili. Kulikuwa na kurasa mbili za mwanzo zilizojaa maswali ya kumuuliza mtu kabla hujamgusa. Nilizifunua nikazipita. Mama mkwe namjua, nilijiambia, naishi naye, nimuulize nini tena?

Basi kila jioni kazi yangu ilikuwa hiyo. Kwanza beseni la bluu. Nachanganya maji, natumbukiza kiwiko, naona sawa, ndipo Kifaranga anaingia akipiga maji mpaka ukuta unalowa. Kisha la kijani. Hapo sikutumbukiza kitu. Mama mwenyewe aliingiza mguu, akatingisha kichwa, akaniambia niongeze. Nikiongeza, ataniuliza kama hayo ni maji ya kuloweka miguu au ni uji wa mtoto uliopoa. Naongeza tena. Alisema moto haujawahi kumsumbua, mtu aliyeshika pasi miaka yote ile ngozi yake inauzoea. Nilimwamini. Kwa kweli niliona fahari hata kuwasimulia wenzangu darasani jinsi mama mkwe wangu alivyo shupavu.

Jioni moja namkausha mguu wa kulia, nikaona lengelenge chini ya kidole kidogo, kubwa kama punje ya maharage, na ngozi pembeni yake imekuwa nyekundu. Mama alikuwa ananisimulia habari za mteja mmoja wa zamani aliyeleta shati la harusi likiwa na alama ya pasi ya dobi mwingine, akataka wao ndio walipe. Niligusa pale pekundu kwa kidole. Aliendelea kusimulia. Nikabonyeza kidogo. Mteja alikuwa ameshapandisha sauti, mwenye duka ametoka nje. Nikabonyeza tena, na mama akacheka, kwa sababu alikuwa amefika pale ambapo yule mteja aligeuza kola akakuta jina la dobi mwingine.

"Mama," nikamwambia, "hapa hapaumi?"

"Wapi?"

Nikamwinulia mguu auone mwenyewe. Aliutazama muda mrefu, kama anayetazama kitu cha jirani kilichosahaulika kwake.

Jambo la kwanza alilosema halikuhusu mguu. Alisema tutasema ni kiatu. Mwanawe anamjua, kamzaa yeye. Akisikia ni maji, darasa langu limekwisha. Na sauti yake ilikuwa ya upole hata nikashindwa kubisha. Kwa hiyo siku mbili tulificha. Nilimpaka utomvu wa shubiri kama daftari lilivyosema, nikamrudishia soksi, na mume wangu akaambiwa kuwa beseni limepumzishwa kwa sababu mchaichai umekwisha. Siku ya pili lengelenge likapasuka, na ule wekundu ukawa umesogea kuelekea katikati ya unyayo.

Jioni hiyo nilikuwa nachanganya maji ya Kifaranga. Nikatumbukiza kiwiko, na mkono wangu ukaganda humo humo ndani ya maji. Mtoto asiyejua kusema nilimpimia kila siku. Mama nilimwachia mguu wake upime, na mguu wenyewe hausikii.

Nilimpigia simu msusi nikamwomba anisomee zile kurasa mbili. Alizisoma polepole, nami nimempakata mtoto kwenye taulo. Je, ana kisukari? Je, anasikia ukimgusa vidole akiwa amefumba macho? Je, anakunywa maji mengi kuliko zamani? Hapo nikakumbuka lile jagi la maji ambalo mama hulibeba chumbani kila siku na kulirudisha tupu. Sote tulisema ni mazoea ya kazi, kuwa mtu wa pasi haishiwi kiu.

Asubuhi nilimpeleka zahanati. Muuguzi alikuwa kijana mwenye haraka, na foleni nyuma yetu ilikuwa imefika mlangoni. Akauliza kimetokea nini.

"Kiatu," mama akajibu kabla sijafungua mdomo. "Kimenibana."

Muuguzi akaitikia kwa kichwa, akaanza kuandika. Niliitazama ile kalamu ikitembea. Ikifika mwisho wa mstari tutapewa dawa ya kidonda, tutaambiwa tubadilishe viatu, tutarudi nyumbani, na mimi nitabaki na darasa langu.

"Si kiatu," nikasema. "Ni maji ya moto. Nilimwekea mimi, na hakusikia."

Mama aligeuka akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu anayenipenda. Lakini muuguzi aliweka kalamu chini.

"Hakusikia kabisa?"

Akamwambia mama afumbe macho, akamgusa vidole vya miguu kimoja kimoja. Kisha akamtoboa kidole cha mkono kwa kisindano, akasubiri namba itokee kwenye kipimo, akaenda kumwita daktari. Hatukumaliza haraka siku hiyo. Tulitoka na bendeji, vidonge, na tarehe tano za kurudi. Daktari alituambia kisukari hicho hakikuanza jana, na kwamba kidonda kama hicho kikiachwa kwenye mguu usiosikia, mtu anaweza kuupoteza.

Njiani mama alikataa nimshike mkono.

Mume wangu aliporudi nilimweleza mwenyewe, amesimama mlangoni akikung'uta unga kwenye viatu. Sikuacha kitu, hata uongo wa mchaichai. Akaniuliza maji yalikuwa ya moto kiasi gani. Nikamwambia sijui, na kutojua huko ndilo kosa langu. Akaingia chumbani kwa mama yake, akakaa sakafuni, akaomba kuona. Mama alikataa, akakataa tena, kisha nikasikia soksi ikivuliwa. Huyu mwanamume alikuwa na miaka thelathini na moja na hakuwahi kuitazama kwa karibu miguu iliyosimama kwa ajili yake.

Alitoka macho mekundu. Akanywa maji. Kisha akaniuliza, bila kunitazama:

"Lile somo ulilokosa, wanalifundisha tena lini?"

Nililirudia na wanafunzi wapya. Mwalimu wetu hakunigombeza. Aliniomba tu nisimame niwasimulie ilivyokuwa, nikawasimulia mwanzo mpaka mwisho.

Kidonda kilichukua wiki saba kufunga. Beseni la kijani bado lipo, ila sasa mambo ni mengine. Maji ni ya uvuguvugu, naweka kiwiko kwanza, na mguu haulowekwi, unaoshwa tu na kutolewa. Nakausha katikati ya vidole kwa kitambaa laini. Mafuta ya nazi napaka visigino na juu ya mguu, vidoleni sipaki. Namkanda taratibu, kwanza macho, mikono baadaye. Mama alininunia wiki mbili nzima, kisha siku moja akaniuliza kama daktari wa jioni amegoma, na nikajua yamekwisha.

Mwisho wa yote huwa tunafanya kama yule muuguzi. Anafumba macho, namgusa kidole, anataja ni kipi. Mwanzoni alikuwa ananidanganya. Alibahatisha, akapatia mara mbili tatu, akajisifu mbele ya mwanawe. Mara nyingine alitaja kidole hata kabla sijamgusa, na Kifaranga, anayekaa kando akijigusa vidole vyake mwenyewe, alimpigia makofi.

Juzi nilimgusa kidole kidogo cha kulia, pale pale palipoungua. Macho alikuwa ameyafumba. Nilingoja abahatishe.

"Hapo sisikii kitu, mwanangu," akasema. "Niangalizie wewe."

Nikauinua mguu kwenye mwanga, nikauangalia.