Nguruwe Namba Kumi na Moja

Maji ya kumwogeshea nguruwe namba kumi na moja yalitakiwa yawe vuguvugu, na Mama Nguruwe aliyapima kwa kiwiko, kama anaogesha mtoto mchanga. Sabuni ya dawa. Taulo mbili, zimepigwa pasi. Ng'ambo ya ua, kwenye wodi ya walioungua ya taasisi hiyohiyo ya utafiti, wifi yake alikuwa amelalia shuka moja kwa siku ya nne. Mfuaji wa mashuka ya wodi alikuwa ni huyohuyo wifi, na hakuna aliyewekwa badala yake.

Jina la Mama Nguruwe alipewa na madaktari, akalizoea. Miaka tisa anawalisha wanyama hao, na ndiye aliyemshika mkono wifi, dada wa marehemu mumewe, akamleta hapa kufua. Ni kibarua tu, alimwambia, lakini utakuwa kivulini. Kivuli gani hicho! Boila la chumba cha kufulia lilikuwa linavuja tangu mwaka juzi, na fundi aliandika barua tatu mpaka akachoka. Wiki tatu zilizopita likapasuka. Mvuke ulimchukua wifi kuanzia vidole vya mikono hadi mabegani na kifuani. Ofisi ikasema kibarua hana bima, ila kwa huruma, neno lao hilo, atatibiwa bure akikubali kuwekewa ngozi ya nguruwe wa majaribio.

Habari ya ngozi hiyo Mama Nguruwe aliijua vizuri, maana Daktari Mkuu aliwafundisha wote, mpaka mfagizi. Kila seli ya mwili imevaa sukari kwa nje, si hii ya kwenye chai. Nguruwe ana sukari ya aina moja ambayo binadamu hana. Mwili wa mtu ukiigundua unaishambulia, na ngozi iliyopandikizwa inakufa. Kwa hiyo taasisi ilizalisha nguruwe wasio nayo, na ikafuga wengine wa kawaida wa kulinganisha nao. Kwa macho huwezi kuwatofautisha hata ukeshe. Kinachowatenganisha ni hereni ya plastiki sikioni: kijani kwa wasio na sukari, nyeupe kwa wengine.

Miezi minane nyuma, majike mawili yalizaa wiki moja, na yule wa kijani akakosa maziwa. Vitoto vyake sita vililia mpaka sauti zikakauka. Mfugaji gani angevumilia? Mama Nguruwe alivisugua kwa matandiko ya yule jike wa pili, wa hereni nyeupe, ili asivibague kwa harufu, akavichanganya na vya kwake vinyonye. Hereni zilikuwa zimekwisha stoo wiki ya tatu hiyo, kwa hiyo alivipaka vile sita dawa ya zambarau mgongoni. Asubuhi ya siku ya tatu alikuta jike ameilamba na majani yamefuta iliyobaki. Hereni zilipofika, alivivalisha kwa kukadiria. Hiki kina pua ya mama yake. Hiki nadhani ni cha kijani. Huyu wa kumi na moja alimvalisha ya kijani huku mkono unasita. Hakuna kitoto kilichokufa, akapongezwa. Siku hiyohiyo alikwenda kwa Daktari Mkuu akamweleza yote, naye akasema watapimwa, dawa ya kipimo imeagizwa. Mpaka leo imeagizwa.

"Ametakata," Daktari Mkuu alisema mlangoni mwa banda. "Kesho saa mbili tunamchukua."

"Daktari, huyu hajapimwa."

"Tulishaongea hilo, mama."

"Tuliongea kwamba atapimwa."

Daktari akatabasamu. Hakuwa mtu wa kufoka. Wafanyakazi walimsifu kwa hilo. "Wafadhili wanafika Jumatatu. Wanakuja kuona mgonjwa."

"Na kama anayo ile sukari?"

"Huenda hana."

"Na kama anayo?"

"Mwili utaikataa. Tutaitoa."

"Ulitufundisha mwenyewe kwamba inakuja na homa. Mtu aliyeungua vile, homa hiyo ataiweza?"

Daktari alichukua taulo moja akajifuta mikono, ingawa haikuwa imelowa. "Mama, aliyewachanganya ni nani? Nimefunika kombe miezi minane kwa ajili yako. Nikiandika leo kwamba hereni hazina ukweli, mradi unafungwa na wodi inafungwa. Wifi yako atatoka hapa jioni hiihii. Na wewe utatoka kwenye nyumba ya wafanyakazi, wewe na watoto." Akaikunja taulo, akairudisha. "Wifi yako amegoma kuweka alama kwenye fomu ya kukubali mpaka akuone. Nenda kazungumze naye. Anakusikiliza."

Mama Nguruwe alivuka ua akiwa na maneno tayari mdomoni: wifi, kataa. Mawili tu. Lakini akikataa anakwenda wapi na kidonda kilichoanza kunuka? Ndivyo alivyojiambia, na alijua anajidanganya. Kitu cha kwanza alichokiwaza Daktari alipomaliza kusema hakikuwa kidonda cha wifi. Kilikuwa nyumba. Vyumba viwili, bomba ndani. Aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka, na bado aliendelea kuiwaza.

Wifi alikuwa macho, mikono yote imefungwa bandeji, imelazwa juu ya mito kama si yake.

"Unanukia kitajiri leo," alisema.

"Sabuni ya nguruwe hiyo."

"Kumbe mwenzangu anaoga hivyo? Mimi hapa hata shuka sibadilishiwi." Alijaribu kucheka, akaacha. "Tangu nizaliwe sijamla nguruwe, wifi. Leo nimvae."

Nesi alisimama pembeni na fomu na kidau cha wino. Daktari Mkuu naye alikuwa amefika, akasimama dirishani, mikono mifukoni, anatazama nje.

"Huyo nguruwe umemlea mwenyewe?" wifi aliuliza.

"Mwenyewe. Tangu siku aliyozaliwa."

"Na ndiye yule asiye na hiyo sukari yenu?"

Mama Nguruwe alitazama mgongo wa Daktari. Haukugeuka.

"Wifi?"

"Ndiye," akasema.

"Basi. Hawa wamenieleza wiki nzima sikuwaamini. Umesema wewe, imetosha." Akavuta pumzi. "Tuweke hiyo alama. Ila mikono ndiyo hiyo unaiona."

"Kidole cha mguu kinakubalika," nesi alisema.

Wifi alijaribu kuinua mguu, ukamshinda. Mama Nguruwe akaupokea kwa mikono miwili. Kisigino kilikuwa kikavu, kimepasuka kwa miaka ya kusimama kwenye maji ya sabuni. Alichovya kidole gumba cha mguu huo kwenye wino, akakilaza kwenye karatasi, akakiinua.

"Asante, wifi," mgonjwa alisema, macho amefumba.

Nesi aliisogeza karatasi penye mwanga, akaikagua, akairudisha.

"Haijatokea vizuri," alisema. "Bonyeza tena."

Akabonyeza tena.